Marehemu Argyris na Mkataba wa Buluu

Kaka yangu Argyris amekufa miaka kumi na nne sasa, Mungu amlaze pema, na mpaka baridi ya mwaka huu alikuwa bado ana umeme. Yaani jina lake ndilo lililokuwa kwenye mita. Msinicheke. Nenda nyumba yoyote hapa kijijini kwetu, huku milimani juu ya mji wa Kozani, uombe kuona bili. Pale mkahawani kwa Zisis bili inakuja kwa jina la bibi yake, aliyezikwa mimi sijaoa. Kubadilisha jina kunataka makaratasi, makaratasi yanataka kushuka mjini, na mjini wanakwambia rudi Alhamisi. Basi mtu anaacha. Unalipa, taa inawaka, marehemu hajalalamika.

Nyumba ilikuwa yake kwa sababu yeye ndiye mkubwa. Hakuoa. Tuliishi naye, mimi na Evanthia wangu, akatuachia nyumba kwa wosia, kila kitu halali. Mita tu ndiyo hatukuigusa.

Sasa niwaambie shida yenyewe ilikuwa nini, maana mimi nikianza kusema naweza kwenda mpaka kwa mbuzi wa babu yangu. Shida ilikuwa Evanthia. Ana miaka sabini na minane, na kifua chake kimechoka, na huku theluji ikianza Novemba haitoki mpaka Machi. Binti yetu Fotini yuko Thesaloniki. Mwaka juzi alikuja Krismasi akamkuta mama yake jikoni amevaa koti, kofia, na shali juu ya kofia, anakata vitunguu. Fotini hakusalimia hata.

"Baba," akasema, "nikimkuta mama na koti ndani ya nyumba mara nyingine, namchukua. Sikuulizi wewe wala simuulizi yeye. Namtia kwenye gari."

Na Fotini akisema ametenda. Hilo karithi kwa mama yake.

Basi nikanunua ile mashine ya ukutani inayotoa joto, nzuri, kimya, ukiibonyeza dakika tano chumba kizima kama mkate uliotoka kwenye oveni. Inakula umeme tu. Kuni siku hizi nani atazipasua? Mimi na hili bega?

Na hapa ndipo umeme wenyewe unapoingia.

Mimi nimefanya kazi mgodi wa makaa ya mawe miaka thelathini na moja. Makaa yalikwenda kwenye mitambo, mitambo ikatoa umeme wa nchi nzima, na sisi tukabaki na jivu. Kijiji tulichozaliwa hakipo, makaa yalikuwa chini yake, wakakihamisha na kanisa na makaburi. Evanthia hakuwahi kuanika shuka nyeupe ikabaki nyeupe. Lakini siku zile umeme ulikuwa mmoja. Hukuchagua. Bili inakuja, unatukana kidogo, unalipa.

Halafu wakasema soko limefunguliwa. Kila mtu achague anayempenda. Mkahawani kwa Zisis palikuwa kama bungeni. Rafiki yangu Lazos, aliyekuwa fundi umeme kule mgodini, ndiye tuliyemuuliza.

"Lazos, wakija hawa wengine wataleta waya wao?"

"Waya ni ule ule."

"Nguzo?"

"Zile zile, na ile iliyoinama kwa mjane wa Takis itabaki imeinama."

"Mita?"

"Ile ile."

"Na umeme?"

"Wote unamwagwa sufuria moja, unachotwa sufuria moja. Wako na wangu ni supu ile ile."

"Sasa hawa watu wanauza nini?"

"Karatasi, mzee mwenzangu. Wananunua umeme kule kwenye soko kubwa, ambako bei inapanda na kushuka kila saa kama homa, halafu wanakuuzia wewe na karatasi juu yake."

Na karatasi zina rangi. Serikali iliwapangia rangi ili wazee kama sisi tuelewe. Ya kijani, bei yake wanaitangaza tarehe mosi ya kila mwezi, na ukichoka nayo unaondoka siku yoyote bure. Ya njano, bei inafuata soko, unajua ulichokula baada ya kukila. Ya chungwa, kila saa na bei yake, hiyo ni ya watu wenye simu kubwa na watoto waliosoma. Na ya buluu. Ya buluu bei haitikisiki mwaka mzima, lakini ukitaka kutoka kabla, unalipa faini. Mimi nilikuwa kijani. Sikuchagua, nililala nikaamka kijani, kama nusu ya nchi. Yaani Argyris ndiye aliyeamka kijani.

Kila tarehe mosi Evanthia alikuwa ananiuliza, "Thraso, leo bei gani?" kabla hata ya kuniambia habari za asubuhi. Ikipanda, anazima mashine. Ikishuka, anazima pia, eti inaweza kupanda.

"Mama wee, bei ya mwezi huu ni ya mwezi huu, haipandi leo!"

"Wewe unawaamini? Mimi siwaamini."

Ndiyo maana Oktoba, simu ilipolia, nikashawishika. Msichana, sauti tamu, kutoka kampuni inayoitwa Kimulimuli. Akaniambia bei ya buluu, namba ndogo sana, mwaka mzima haigeuki. Nikawaza: nikimwonyesha Evanthia namba moja isiyotikisika, ataacha mashine iwake. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu, nawaapia.

"Naongea na Bwana Argyris?" akauliza.

Wee acha. Hapo ndipo nilipoharibu. Mimi kwa miaka kumi na nne mtu wa mita akija, "Argyris?" nasema ndiyo. Posta, "Argyris?" ndiyo. Hapa kijijini sote tunafanya hivyo, Zisis huitikia kwa jina la bibi yake bila kutikisa masharubu. Nikasema, "Ndiyo, mimi."

"Una bili karibu, bwana? Nisomee namba iliyo juu kulia."

Nikasoma.

"Imeingia namba kwenye simu yako, nisomee na hiyo."

Nikasoma.

"Hongera, Bwana Argyris!"

Nikamwambia Evanthia, "Tumefunga bei! Washa!" Akawasha. Novemba nzima Evanthia alitembea ndani ya nyumba na sweta tu, akaoka pai ya vitunguu vya majani, akaimba. Nilikuwa najiona mfalme.

Kumbe palikuja barua. Bahasha yenye yule mdudu wao, jina la Argyris juu. Bili Evanthia anaijua kwa umbo, bili anaifungua. Lakini barua nyingine yoyote ya shemeji yake huwa haifungui, anaiweka kwenye droo chini ya picha takatifu, pamoja na nyingine zilizomjia tangu afe. Ni heshima. Ndani ya barua ile palikuwa na masharti, na siku kumi na nne za kughairi bure. Siku zile zilikwisha barua ikiwa ndani ya droo.

Bili ya Desemba ikaja. Nikaishika, nikatafuta miwani, nikadhani nimekosea miwani. Nikapanda nayo kwa Lazos.

Lazos akaisoma kama daktari. "Ile bei uliyoambiwa ni bei ya punguzo," akasema. "Unaipata ukikubali benki ikate yenyewe kila mwezi, kwenye akaunti ya mwenye mkataba. Bila hivyo unalipa bei kamili, karibu mara mbili. Argyris ana akaunti?"

"Alikuwa nayo. Tuliifunga baada ya arobaini."

"Basi marehemu hapati punguzo."

"Nitatoka. Nitarudi kijani."

"Utoke? Ni buluu hii. Faini, hiyo moja. Ya pili, kwenda kwingine lazima mwenye mkataba asaini mwenyewe, na kitambulisho chake na namba yake ya kodi. Utamleta vipi, kwa toroli?"

"Lazos, usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ndugu yangu, umemfungisha maiti mkataba wa mwaka mzima."

Niliporudi nyumbani sikusema kitu, lakini Evanthia alikuwa ameshapiga simu kwa mke wa Lazos. Mashine ilikuwa imezimwa. Alikuwa amekaa jikoni na koti.

"Livue," nikamwambia.

"Sina baridi."

"Evanthia, livue, Fotini anakuja siku ya Epifania."

"Basi nitalivua siku ya Epifania."

Akaanza kukohoa kikohozi kile kikavu. Mimi nawasha mashine, naenda kuona kuku, nikirudi imezimwa. Nawasha. Inazimwa. Hatugombani, kila mtu anabonyeza tu kile kidude cha kuwashia na kuzimia kimya kimya, kama watoto. Ikafika mahali nikakificha kidude ndani ya buti, na yeye akaenda kuzima swichi kubwa kabisa ukutani, na jokofu na taa vyote vikazimika, akakaa gizani saa nane mchana, ameshinda.

Epifania ikafika, tarehe sita Januari, Fotini akakwama kwa theluji, hakuja. Nilimshukuru Mungu na nikaona aibu kwa kumshukuru. Asubuhi yake nikashuka Kozani na basi, nikaenda kwenye ofisi ya Kimulimuli. Duka dogo, joto kali, viti vya plastiki. Msichana wa pale jina lake Domna, limebandikwa kifuani. Mpole. Nikamweleza kila kitu tangu mwanzo, na mgodi nikamweleza, akanisikiliza.

"Babu," akasema mwishoni, "simu tunazirekodi. Hapa nina sauti inaulizwa kama ni Bwana Argyris, inasema 'ndiyo, mimi'. Na wewe unaniambia Bwana Argyris alifariki miaka kumi na nne iliyopita."

"Ndivyo, mwanangu."

"Sasa niandike nini? Kwamba marehemu aliongea, au kwamba wewe ulidanganya?"

Watu waliokuwa nyuma kwenye foleni wakanyoosha shingo. Bibi mmoja akajifanyia ishara ya msalaba.

"Hakuna kisanduku cha katikati?" nikauliza.

"Hakuna, babu."

"Ukiandika nilidanganya?"

"Itakwenda kwa wanasheria, na wao mimi sijawahi kuwaona. Ukikaa kimya ukaenda zako, mkataba unaendelea mpaka Oktoba kwa bei hiyo. Lakini mwenye mkataba akifa, mkataba unakufa. Hakuna faini. Ukiniletea cheti cha kifo, namaliza hapa hapa."

Nikacheka. Nilicheka kwa furaha jamani! Cheti nilikuwa nacho mfukoni, nilikitoa, nimekikunja mara nne. "Chukua! Miaka kumi na nne kinakungoja!"

Akakisoma, akabonyeza kompyuta, akabonyeza. Halafu uso wake ukabadilika, kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Babu, ukishafutwa mkataba wa marehemu, mita inabaki haina mtu. Watu wa mtandao wa nyaya na nguzo wanatoa siku kumi. Ndani ya siku kumi lazima kuwe na mkataba mpya kwa jina lako, kwetu au popote, ama wanakuja kukata."

"Nifungie sasa basi! Kijani!"

"Nahitaji wosia, namba ya kodi, na cheti cha fundi umeme kwamba nyaya za nyumba ni salama. Cha zamani kilikuwa cha marehemu, na ni cha mwaka elfu moja mia tisa themanini na sita."

"Basi rudisha. Mfufue."

"Siwezi, babu," akasema, na nilimwona kweli angetaka. "Kompyuta imeshakubali amekufa."

Nikatoka pale sina buluu wala kijani, nina siku kumi tu.

Nyaya. Sasa niwaambie nyaya za nyumba yangu. Niliziweka mimi na Lazos mwaka huo huo wa themanini na sita, kwa waya wa mgodini, ule mnene wa rangi ya chungwa unaolisha mashine kubwa za kuchimba. Tuliubeba nyumbani kidogo kidogo, kila zamu mita mbili tatu, umezungushwa tumboni chini ya koti. Kila nyumba hapa imejengwa hivyo, wanawake walikuwa wanatucheka tumenenepa ghafla. Hatukuona ni wizi. Makaa yalikuwa chini ya nyumba zetu, wakayachukua.

Fundi mwenye leseni, Menios, alipanda siku ya tano, maana theluji ilifunga barabara. Akafungua soketi ya sebuleni. Akatazama. Akaita, "Mzee Thraso, unafuga mashine ya kuchimba humu ndani?"

"Ni waya mzuri, haujawahi hata kupata moto."

"Mzuri, ungeweza kuwasha Athene nzima. Lakini hauna waya wa kwenda ardhini, na pale kwenye swichi hakuna kile kidude cha kukata umeme mtu akishikwa nao. Siwezi kusaini. Nikisaini na kesho mama huyu akashikwa bafuni, mimi ndiye naenda jela."

"Itachukua siku ngapi kubadilisha?"

"Wiki moja ya kazi. Nikianza Jumatatu."

Nikahesabu kwa vidole. Evanthia naye alikuwa anahesabu, namwona. Siku zilikuwa hazitoshi, hata tungekuwa na vidole vya kuazima.

Nilipanda kwa Lazos. Akasema atanivutia waya kutoka kwake. Ni mita mia mbili, barabara katikati, na theluji. Alimaanisha, Lazos huyo, alikuwa ameshaanza kutafuta buti. Mke wake ndiye aliyemkamata mkanda wa suruali.

Vijana wawili wa mtandao walikuja siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi. Wastaarabu. Mmoja nilikuwa nimefanya kazi na baba yake. Hakuweza kunitazama. Alifungua kile kisanduku nje, akafanya kitu kidogo tu, kama kukaza kifungo, na ndani ya nyumba jokofu likanyamaza. Hujui jokofu linasema mpaka linyamaze.

"Mzee, pole," akasema. "Karatasi inasema hapa hakuna mteja."

"Na mimi ni nani?"

"Mimi sijui, mzee. Mimi nakata tu."

Evanthia alikuwa amesimama dirishani na koti. Safari hii sikumwambia alivue. Akasema, "Mpigie Fotini."

"Sipigi."

"Thraso, mpigie. Au nampigia mimi."

Fotini alifika saa tisa alasiri, magurudumu yamefungwa minyororo. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alimfunga mama yake mkanda kwenye gari kama mtoto, akamwekea blanketi magotini. Evanthia alishusha kioo.

"Siku tisa," akasema. "Menios akimaliza, narudi. Kuku wape maji ya vuguvugu. Na usije ukaongea na mtu kwenye simu!"

Siku tisa nililala kwa Lazos na kushinda nyumbani kumshikia Menios ngazi. Tulitoa waya wa chungwa kwenye kuta zote, ukutani pakabaki mifereji kama makovu ya operesheni. Menios akasaini. Nikashuka kwa Domna na wosia, cheti, namba ya kodi, na kitambulisho chenye uso wangu mwenyewe.

"Jina la mteja?"

"Thrasyvoulos," nikasema.

"Rangi, babu?"

Nilikuwa nimekwenda nikisema kijani njia nzima. Kijani unaondoka siku yoyote. Lakini nikamwona Evanthia tarehe mosi, ananiuliza bei kabla ya salamu, anazima. Nikamuuliza Domna, buluu na punguzo, benki ikate kwenye akaunti yangu mimi niliye hai, ile namba ndogo ni kweli? Akanionyesha. Ni kweli. Mwaka mmoja, kutoka ni faini. Nikasaini buluu, kwa mkono wangu. Mjinga? Labda. Nilitaka namba moja tu ya kumwambia.

Umeme ukarudi Jumatano. Niliwasha mashine, nikaacha milango ya vyumba wazi, nyumba ikapata joto mpaka dari. Nikampigia.

"Evanthia, imewaka. Kwa jina langu. Bei haitikisiki mpaka Februari ijayo. Njoo."

 Nikasikia nyuma yake televisheni na wajukuu.

"Thraso," akasema, "hapa kikohozi kimepungua. Fotini amenipeleka kwa daktari wa mapafu. Anasema baridi ya huko juu ndiyo inayoniua, si ya ndani tu, hata ya kwenda uani kwa kuku."

"Kuku nitawapa mimi."

"Anasema nikae mpaka joto lianze. Na baada ya hapo tutaona."

"Tutaona nini?"

"Njoo wewe huku. Fotini ana kile kitanda cha kukunja."

"Siwezi kuja, nimesaini mwaka mzima! Kuna malipo ya kila mwezi hata usipowasha taa, na ukitoka kuna faini, na mita ina jina langu sasa, nikiondoka nani…"

"Wewe ulinioa mimi au uliwaoa wale Kimulimuli?"

 Akaniambia nile, akakata.

Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Tangu siku hiyo nakaa sebuleni na shati la mikono mifupi, nje theluji imefika dirishani. Najaribu kuizima ile mashine na siwezi, maana nikiizima ni kama nimekubali hatarudi. Na nikiiacha inawaka, namba zinazunguka kule nje kwenye mita, za jina langu, zinampasha joto nani? Lazos anasema niuze nyumba. Nani atanunua nyumba hapa? Anasema nizime swichi, nilipe yale malipo ya mwezi tu, nishuke Thesaloniki. Mimi Thesaloniki nitafanya nini, nihesabu mabasi? Hapa nina kaburi la kaka yangu, lililohamishwa mara moja tayari… hapana, la baba ndilo lililohamishwa, la Argyris ni jipya. Nachanganya.

Leo asubuhi nimewapeleka kuku kwa mke wa Lazos, wote saba kwenye kreti. Amenitazama, akawafungulia banda lake. Basi la Thesaloniki linapita hapo chini saa tano. Nimefunga soseji na jibini kwenye mfuko, na dawa yangu ya shinikizo la damu. Kwenye mashine nimepunguza, sikuzima. Nimeiweka digrii kumi, mabomba ya maji yasigande.

Nitakaa naye kwenye hicho kitanda cha kukunja, nitaona usiku anakohoa mara ngapi. Akiwa hakohoi, basi, nabaki huko. Nitalipa kila mwezi, mpaka Februari, joto la nyumba isiyo na mtu.